Kona Nne za Dombek

Bei ya kadi ya besiboli haimo kwenye sura ya mchezaji. Imo kwenye kona. Kona zikiwa kali kama ncha ya sindano, kadi ni mali. Zikiwa zimelika kama pua ya kiatu cha mtoto, ni karatasi. Yapo na mengine. Picha ikae katikati ya ukingo wake mweupe, isiegemee upande kama mlevi. Mchezaji awe katika mwaka wake wa kwanza, kabla hajajulikana. Zilizochapwa ziwe chache, na zilizotupwa na akina mama wakati wa kusafisha nyumba ziwe nyingi. Na ikiwa mchezaji mwenyewe amekufa juzi na magazeti yamemlilia, basi bei hupanda hata kabla udongo wa kaburi haujakauka, maana watu hukimbilia kununua walichokuwa hawakijali.

Stan Dombek, mchezaji wa besiboli, alikufa Januari. Kufikia Machi, katika nyumba ya Walter Sobieraj, mtaa wa Lyman, mji wa Holyoke, kifo hicho kilikuwa kimegeuka kuwa tumaini la choo.

Walter alikuwa na umri wa miaka sabini na minane na mapafu mawili yasiyofanya kazi ya moja. Alilala hospitali, mirija puani, uso umeelekea dirishani asimtazame mwanamke aliyekuwa anaamua maisha yake.

"Nitauliza tena," alisema Bi Teague, ambaye kazi yake pale ilikuwa kupanga mgonjwa gani atoke na aende wapi. "Ghorofa ya chini, kuna choo?"

"Kipo juu," alisema Denise, binti wa Walter.

"Na ngazi ni nyingi?"

"Ni zilezile alizopanda mke wangu na mimba," alisema Walter kutoka kitandani. "Hakuna aliyewahi kuziuliza."

"Baba, tafadhali."

"Kabla ya kuja hapa alikuwa anajisaidia wapi?" aliuliza Bi Teague.

Denise alipika chakula cha watoto mia nne wa shule kila siku bila kutetereka, lakini swali hilo moja lilimkausha ulimi. Nyumbani, kwenye pembe ya sebule, waliwamba kamba na kutundika shuka la maua ya buluu. Nyuma ya shuka kulikuwa na kiti kilichotobolewa na ndoo chini yake. Wageni wakija, Walter alikohoa kwa nguvu kufunika sauti, mpaka wageni wakaacha kuja, na yeye akaendelea kukohoa hivyohivyo.

"Sebuleni," alisema Efraín, mume wa Denise, alipoona mkewe hajibu. "Tuna kiti chenye ndoo. Mimi ndiye ninayeimwaga."

"Andika na hilo," alisema Walter. "Mkwe wangu, dereva wa basi la shule na waziri wa ndoo."

"Waziri kamili, mzee. Siyo naibu."

Bi Teague hakucheka. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye vitanda ishirini na wagonjwa thelathini. "Siwezi kumrudisha mtu wa oksijeni kwenye ndoo," alisema. "Bima inalipa hapa mpaka Ijumaa ijayo. Mkinionyesha kwamba fundi ameanza bafu na choo chini, anarudi kwenu. La sivyo kuna kitanda kwenye nyumba ya wazee, Springfield. Nimemshikia."

Walter aliijua nyumba ile. Aliwahi kwenda kumwona mwenzake wa kiwanda cha karatasi, ambako Walter alikuwa mkataji, akamkuta kafungwa aproni ya kulia chakula asubuhi kweupe, hakuna chakula mbele yake, wala mtu aliyekumbuka kwa nini alifungwa. Alipotoka pale aliapa barabarani, kofia mkononi, kwamba yeye atafia sebuleni kwake.

Aligeuza uso kutoka dirishani.

"Uzeni kadi ya Dombek," alisema.

Fundi alitaka dola elfu kumi na moja. Denise aliipiga Dombek picha kwa simu, juu ya meza ya jikoni, na picha hiyo ilimfikia Colleen Hurley, mwenye duka la kadi kwenye jengo la kiwanda cha zamani kando ya mfereji. Colleen alijibu kwa maneno mawili: njoo sasa.

Duka lilinuka vumbi na kahawa. Wanaume watatu walikuwa wanapekua maboksi ya kadi za bei rahisi, migongo imeinama kama wachambua mchele. Colleen alinawa mikono, akaifuta mara mbili, akafungua vioo viwili ambamo kadi ilikuwa imebanwa tangu Denise hajazaliwa, akaishika Dombek kwa ncha za vidole.

"Ah," alisema. "Tazama rangi hiyo. Jua halijawahi kumwona."

Wanaume waliacha maboksi wakasogea. Stan Dombek alisimama kwenye kadi akiwa kijana wa miaka ishirini, gongo begani, masikio makubwa, mtoto wa mfuma nguo wa Kipolandi ambaye mji huu mzima ulimsikiliza redioni kama unavyosikiliza misa.

"Kona hizo, jamani," alisema mmoja. "Unaweza kumdungia mtu sindano."

Denise alisimama wima. Alikuwa ameingia pale na koti lililokatika kifungo, na sasa hakuna aliyekitazama kifungo. Akilini alikwishachagua vigae. Vyeupe, na kishikio ukutani ambapo baba angeshika kwa mkono wake mwenyewe na kufunga mlango mwenyewe.

Halafu Colleen aliisogeza kadi karibu na taa. Akaipindua. Kisha akavuta kutoka kwenye boksi la dola moja moja kadi nyingine ya mwaka uleule, ya mchezaji ambaye hakuna aliyemkumbuka, kona zake zimeviringika kama biskuti. Aliilaza Dombek juu yake, akazilinganisha chini na kushoto, akainamisha kichwa.

Ukingo wa yule asiyejulikana ulichungulia nyuma ya Dombek, juu na kulia, mwembamba kama ukucha uliokatwa.

"Dada," alisema Colleen kwa sauti ya chini, "hii imekatwa."

"Imekatwa wapi? Si nzima hiyo?"

"Imepunguzwa. Mtu alikuwa na kingo zilizochakaa, akazinyoa pande zote mpaka akapata kona mpya. Matapeli ndiyo kazi yao. Nikiipeleka kwa kampuni ya kupima, wataandika imechezewa, na hawataifunga kwenye plastiki yenye namba ya alama. Isiyo na alama hakuna anayeigusa, si kwa bei uliyoiota."

"Nyumbani kwetu hakuna tapeli."

"Kila nyumba ina mmoja, mama," alisema mmoja wa wanaume, akirudi kwenye boksi lake. "Ukimkosa kabisa, jitazame kwenye kioo."

Wenzake walicheka puani. Denise aliweka mkono juu ya nafasi ya kifungo.

"Na kama wangeziacha?" aliuliza. "Chafu, zimelika, kama zilivyokuwa?"

Colleen hakutaka kujibu, na ilionekana. "Kwa rangi hii, na mwezi huu? Ningekupa elfu kumi na mbili hapohapo uliposimama. Kona chafu zina alama yake. Alama ndogo, lakini ni alama. Uchakavu ni umri, dada, watu wanausamehe. Kisu hawakisamehi."

"Na hivi ilivyo?"

"Mia tatu." Alivifunga vile vioo taratibu, kana kwamba bado vina kitu. "Nani wameishika hii kadi?"

Lilikuwa swali la kawaida la dukani. Lakini Denise alitoka nalo mlangoni, akatembea nalo kando ya mfereji wenye barafu, na kufika nyumbani lilikuwa limeota meno.

Efraín alikuwa jikoni. Siku zake za zamu ya asubuhi ndiye aliyepika, na wali wa mbaazi ulikuwa unatoa mvuke chini ya kifuniko.

"Umechelewa," alisema. "Tusherehekee au tulie?"

"Kiangazi ulipoipeleka kadi gereji, ilikaa huko kwa muda gani?"

"Nusu siku. Gagnon anayeosha mabasi aliomba aione. Mzee mwenyewe aliniruhusu, akasema mwache Mfaransa ateseke kidogo." Alikuwa bado anatabasamu. "Kwa nini?"

"Na giaboksi ya gari uliilipaje mwezi uleule?"

Tabasamu halikutoka mara moja. Lilibaki usoni bila mwenyewe. Efraín alipunguza moto. "Kwa safari za Jumamosi. Za timu za shule. Wewe ndiye uliyekuwa unanifungia chakula."

"Colleen anasema hii imechezewa. Imekatwa. Baba aliitunza miaka hamsini kati ya vioo, haikuwahi kutoka nyumba hii ila siku ile moja, na wewe." Alisikia anachokisema na hakuweza kusimama, kama mtu anayeshuka mlima. "Ile nzuri iko wapi, Efraín?"

Efraín alifunua sufuria, akaifunika tena.

"Unajua nyinyi mna kitu kizuri," alisema Efraín. "Mimi ni mtoto wa nyumba hii. Kila Krismasi mama yako alisema, Mungu amlaze pema, huyu siyo mkwe, huyu ni mtoto wa nyumba. Mtoto wa nyumba mpaka kitu kipotee. Kikipotea tu, nakuwa mtu wa Puerto Rico."

"Sijasema hivyo."

"Hukusema. Uliuliza giaboksi." Alipakua wali kwenye sahani moja. "Ndoo ya baba yako ipo. Kaihesabu. Hiyo sijawahi kuambiwa nimeiba."

Alikwenda kula ndani ya gari, kwenye baridi, injini imezimwa. Denise alimwona kutoka dirishani, kijiko kikipanda na kushuka nyuma ya kioo kilichoingia ukungu, na hakutoka kumwita.

Kesho yake Walter alimpokea bintiye kwa macho mlangoni kabla hajaingia.

"Ulimwonyesha kona?"

"Nilimwonyesha." Denise alivua koti, akakaa. Alikuwa amejiandaa kumwambia mzee kwamba kaibiwa, na kwamba mwizi ni nani. "Baba, kadi imekatwa."

"Bila shaka imekatwa," alisema Walter. "Anasemaje kuhusu mkato?"

Denise hakuelewa, na mzee, akidhani hajasikia, aliinua kichwa kutoka kwenye mto. Mashavu yake yalipata rangi kwa mara ya kwanza wiki ile.

"Mkato wangu ule. Ilikuwa inakaa kwenye kitabu cha sala cha mama. Kaka yangu Leon ndiye aliyeiweka, ilikuwa yake. Lakini kitabu kilikuwa kidogo, kadi ikachungulia nje miaka nenda rudi, ukingo mzima ukawa na rangi ya chai. Leon alipokufa padri akaleta kadi za sala za mazishi, zile za Bikira Maria wa Częstochowa, zikiwa kwenye karatasi nzima. Nani wa kuzikata? Ijumaa, oda zikishaisha, mimi ndiye niliyekatia parokia. Mialiko ya harusi, picha za komunyo, kadi za wafu. Foromani aliangalia pembeni." Alipumua, akasubiri mtungi wa oksijeni umpe pumzi nyingine. "Nikapanga rundo la kadi mia mbili za Leon. Nikamlaza Dombek wake katikati ya rundo, ili kisu kikipita asitetemeke hata kidogo. Kadi ikikatwa peke yake hukunjika kwa unywele mmoja, haionekani, lakini mkono unaijua. Ndani ya rundo haisikii kitu. Nikaiondoa ile chai. Pande nne. Pitisha kidole, binti. Hakuna mtu katika bonde hili angeweza mkato huo."

Denise alimtazama baba yake, akamwona anangoja asifiwe.

Hapo ndipo mtu angesema pole, au angenyamaza. Denise hakuwa na nguvu ya lolote kati ya hayo. "Chafu ingetupa elfu kumi na mbili," alisema. "Safi imetupa mia tatu."

"Hilo halina akili."

"Ndiyo bei."

"Mtu achukue kitu kichakavu, akitengeneze kwa mikono yake, kitoke kizuri kuliko kilivyoingia. Halafu kishuke?"

"Ndiyo, baba."

"Kwa nani?"

"Kwa wote."

Walter alilaza kichwa. Aliitazama mikono yake juu ya blanketi, akaigeuza, viganja juu, viganja chini, kama mtu aliyerudishiwa kitu alichowaazimisha watu na kukikuta na ufa.

Ndipo Denise alipomweleza habari ya Gagnon. Gagnon, aliyewahi kupakia malori kiwandani na sasa, uzeeni, anaosha mabasi gereji alikofanya kazi Efraín. Alikuwa ameuza kipande cha shamba la tumbaku alichoachiwa na mama yake kule Hadley, na asubuhi ile, baada ya kusikia kwamba kadi inauzwa, alimpigia Denise simu mwenyewe. Hataki kampuni, hataki plastiki yenye namba. Amemtamani Dombek huyo tangu alipomwona kiangazi. Anakuja Alhamisi na elfu kumi na moja.

"Hana lenzi," alisema Denise. "Hajui kupima. Atafurahi nayo mpaka anakufa. Sikuombi useme uongo, baba. Nakuomba unyamaze tu."

Walter alikaa kimya muda mrefu, na Denise akauchukua ukimya huo kuwa mazoezi.

Ilimpasa kurudi nyumbani na kumwambia mumewe maneno mawili: ni baba. Njiani aliyashika mdomoni, yakawa mazito. Lakini Efraín na Gagnon walikula pamoja kila siku kwenye benchi moja. Akijua, angeweza kumwangalia Gagnon akihesabu fedha za shamba la mama yake? Asingeweza, Denise alimjua. Basi akaamua Ijumaa, fundi akishaanza, atapiga magoti. Kwa siku mbili walipishana jikoni kama wapangaji, na yeye akamwacha mtu asiye na hatia alale na jina la mwizi, kwa sababu jina hilo lilikuwa bado na kazi.

Alhamisi theluji iliwahi na shule zikafungwa mchana. Gari la Gagnon halikuweza kupanda kilima cha hospitali, kwa hiyo akamwomba Efraín amlete. Denise aliwaona wakija kwenye korido, Gagnon mbele, mdogo, amenyoa, amevaa tai ya harusi, bahasha kifuani chini ya koti.

Efraín alimvuta pembeni. "Kaniambia njiani anachokuja kununua," alisema. Macho yake yalikuwa yanatafuta kitu usoni mwake. "Kwa hiyo ni nzima? Yule mama wa duka alikosea?"

Denise alitazama bahasha.

"Ndiyo," alisema. "Alikosea."

Kitu kilifunguka usoni kwa Efraín, chepesi, cha aibu karibu, kama mtoto aliyeambiwa hatachapwa. "Ungeniambia tu, Deni," alisema. "Siku mbili hizi sijui nimekula nini." Na akamgusa kiwiko.

Ndani, Gagnon alikwishakaa kwenye kiti cha wageni.

"Walt. Unaonekana kama maiti iliyokataliwa makaburini."

"Walisema wanangoja wewe utangulie, wapate mtu wa kunisomea njia."

"Sisomi. Ungepotea." Gagnon alicheka, akatoa miwani. "Haya. Nipe mchumba wangu."

Denise alimpa. Alifungua vioo mwenyewe asimwachie mzee kazi. Gagnon alimshika Dombek kwa mikono miwili, na vidole vyake, vilivyopasuka kwa sabuni za mabasi, vilitulia kabisa. Efraín alisimama mlangoni akitabasamu, theluji ikiyeyuka mabegani.

"Nilikuwa namsikiliza na baba yangu," alisema Gagnon hatimaye. "Baba hakujua Kiingereza. Alijua Dombek." Alifuta miwani, akaivaa tena, akainua kadi kwenye mwanga. "Na kona, Mungu wangu. Miaka sabini. Mbingu zimezitunza."

Walter hakusema kitu. Alitazama dari. Denise alihesabu pumzi za mtungi.

"Elfu kumi na moja," alisema Gagnon, akaiweka bahasha juu ya blanketi, karibu na goti la Walter. "Zihesabuni. Sitaki maneno baadaye."

Denise alinyoosha mkono. Bahasha ilikuwa nzito na ya joto kutoka kifuani mwa mtu.

"Unajua ninachokiona hapa?" Gagnon aliendelea, akipitisha kidole gumba ukingoni, taratibu, kwa mahaba. "Naona mashine. Hao wa kiwanda cha kadi, kule New York, walikuwa na mashine, Walt. Pitisha kidole. Sisi tulijiona mafundi hapa, tukijisifu mpaka kwenye misa, lakini mwambie Mungu kweli: hapa Holyoke hakuna mtu aliyewahi kukata hivi."

Mtungi ulipumua. Ulipumua tena.

Nimewajua watu waliovumilia njaa, waliovumilia kufukuzwa kazi na kukaa kwenye kiti chenye tundu wageni wakipita. Walter alikuwa mmoja wao. Angeweza kuvumilia kudanganya. Muda wote huo alikuwa amevumilia. Kitu kimoja tu hakikuwa na nafasi ya kukaa mwilini mwake.

"Ni mimi," alisema.

"Wewe nini?"

"Niliikata mimi. Mashine namba tatu, kisu kipya. Wa New York waliikata kwa haraka, ukingo ulikuwa na manyoya. Mkato huo unaoushika ni wangu."

"Baba," alisema Denise.

"Pande nne," alisema Walter, na sauti yake ilikuwa na nguvu ambayo daktari hakuwahi kuisikia. "Muulize yeye. Walimwambia dukani."

Gagnon aliiangalia kadi. Kisha alimwangalia Denise, ambaye mkono wake ulikuwa bado juu ya bahasha. Hakukasirika, na ingekuwa heri angekasirika. Alimrudisha Dombek kati ya vioo vyake, akavilinganisha, akavua miwani na kuiweka mfukoni. Akaichukua bahasha kutoka chini ya vidole vya Denise, kwa upole, kama mtu anayemwondolea mtoto aliyelala kitu mkononi asimwamshe.

"Ni mkato mzuri, Walt," alisema. "Nilisema na sifuti." Alisimama, akahangaika na vifungo vya koti. "Naweza kuacha mia mbili. Kwa ukumbusho tu."

"Haiuzwi," alisema Walter.

Denise hakuwatazama hao wawili. Alikuwa anamtazama Efraín mlangoni. Efraín hakuonekana kama mtu aliyesafishwa jina. Alikuwa anapiga hesabu, na hesabu ilikuwa fupi: walimwambia dukani, mzee amejua, mkewe amejua, tangu lini, hata dakika chache zilizopita, pale koridoni, alipomgusa kiwiko. Ilipokamilika, alivaa kofia.

"Twende, Gagnon," alisema. "Barabara inaharibika."

"Efraín, ngoja, nilikuwa..."

"Nampeleka mtu nyumbani," alisema Efraín, kwa sauti ileile anayowaambia watoto wa shule wakae.

Walibaki baba na binti. Theluji ilianguka nje bila haraka. Baadaye Denise aliuliza, na hakujua kwa nini anauliza: "Vile vipande ulivyovikata. Ulivipeleka wapi?"

"Sakafuni," alisema Walter. Alikuwa amefumba macho, amechoka, na mdomoni mwake kulikuwa na kitu kinachokaribia furaha, ambacho Denise hakumsamehe. "Vilifagiliwa. Vikarudishwa kwenye pipa, vikachemshwa. Vikawa karatasi tena."

Bi Teague alipoingia na kuuliza habari za fundi, Walter alijibu mwenyewe, bila kufumbua macho.

"Andika hakuna choo chini."

Ijumaa walimhamishia Springfield. Nyumba ile haikuruhusu vioo chumbani, kwa hiyo mhudumu, msichana mchangamfu aliyependa kusaidia, alimtoa Dombek na kumbandika mlangoni mwa kabati kwa utepe wa gundi, kipande kimoja kila kona. Hakuna aliyemzuia. "Kama mpya vile," alisema msichana, akirudi nyuma kuangalia. Walter, aproni shingoni, alitikisa kichwa kukubali.

Denise aliporudi nyumbani alimkuta Efraín sebuleni. Kiti na ndoo vilikwishatolewa nje. Alikuwa amefungua kamba na kulishusha shuka la maua ya buluu, na sasa alilishika kwa kona mbili, mikono imetanuka, lakini shuka lilikuwa kubwa na lilikuwa linaburuzika sakafuni.

Denise aliweka mkoba chini. Aliinama, akaziokota zile kona nyingine mbili, akalivuta shuka mpaka likanyooka kati yao. Walikunja mara moja kwa urefu, kisha mara ya pili. Hiyo ndiyo kazi ya watu wawili: kila mkunjo unawaleta karibu.

"Efraín," alisema.

Efraín alikuja hatua zake, akaleta kona zake mpaka kwenye mikono ya mkewe, akazilinganisha na zake sawasawa, ncha kwa ncha. Halafu akaachia, haraka, kabla vidole havijagusana, akaenda nje kumwaga ndoo.

Ilikuwa tupu. Aliimwaga hivyohivyo.